Miti Inayonenepa kwa Maongezi

Siwema Shemdoe hakuwa na ugomvi na mti wowote duniani isipokuwa miti ya wifi yake. Miti hiyo ilikuwa Barabara ya Tano na yeye alikaa Barabara ya Kumi na Mbili, lakini kila alipotoka na ufagio asubuhi aliiona tu, vichwa vimechomoza juu ya mabati ya Ngamiani, vinono, vya kijani kibichi, vinayumba taratibu kana kwamba vinamsema. Alijitahidi kutazama kwingine. Akitazama kwingine aliiona bustani yake mwenyewe, na hapo roho ilizidi kumuuma.

Bustani hizo mbili zilipandwa siku moja, kwa mbegu za gunia moja. Siwema alikuwa amesomea kilimo Morogoro akarudi Tanga na cheti chake. Batuli, dada wa mumewe, aliacha shule mapema akauza maandazi. Siwema alipima udongo, akapogoa matawi kwa kipimo, akaokota kila jani lililothubutu kuanguka. Batuli alikaa kwenye mkeka, anacheka. Na miti ya Batuli, mikungu mitupu, ikapanda juu kuliko misikiti, ya Siwema ikabaki myembamba ya kutia huruma.

Siri yenyewe haikuwa siri, kila mtu aliijua. Jua la miaka ile halikuwa tena la kuchezea. Ikifika saa nne asubuhi lami ya katikati ya mji ililegea, na hakuna aliyetoka nje mpaka alasiri. Wenye uwezo walikwisha kukimbilia vilimani, wakawaachia wapangaji nyumba za mjini zilizokuwa zikibomoka moja moja. Ndipo Shirika la Kivuli lilipokuja na mikungu yake ya maabara, likaahidi kuufufua mji. Mkungu mmoja ulivuta maji ardhini na kuyatoa kwenye majani yakiwa ukungu wa baridi, hata aliyekaa chini yake adhuhuri alijiona yuko alfajiri. Lakini maji yalikuwa haba, yalitoka mlimani kwa bomba moja, na Shirika halikutaka kuyapoteza mahali pasipo na watu. Kwa hiyo likaipa miti masikio. Chini ya kila bustani kulikuwa na mzizi mmoja mkuu, waliouita mama, na mama huyo aliyapeleka maji pale tu aliposikia watu wakizungumza. Penye gumzo mti ulinenepa. Penye kimya ulikonda.

Mwanzoni watu waliogopa kupelelezwa. Maofisa wakawaapia kwamba mzizi haujui Kiswahili, unachosikia ni mtetemo tu: sauti moja, kisha nyingine inayoijibu. Siwema aliyakariri maelezo hayo akayatafutia mwanya. Aliweka redio chini ya miti, asubuhi hadi jioni. Mama hakudanganyika, kwa sababu redio haingoji kujibiwa. Akajaribu kukaa peke yake kwenye benchi, anajiuliza maswali kwa sauti yake na kujijibu kwa sauti nzito. Miti haikuongeza hata jani, na majirani wakaanza kumwamkia kwa upole mno, kama mtu anayeumwa.

Tatizo lilikuwa ufagio. Mtu akikaa tu, Siwema huyo, anamwomba anyanyue mguu apitishe ufagio. Mtaani walikuwa na msemo wao: ukikaa kwa Siwema, unafagiwa. Basi walibeba mikeka yao na kahawa zao, wakatembea mpaka kwa Batuli, ambaye alimpokea kila mtu kama aliyemkosa tangu juzi.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hata mumewe alikuwa anakwenda huko. Kilua, fundi umeme, mtu mpole asiyejua kuficha furaha, alirudi nyumbani kila jioni shati likiwa limepoa mwilini na ukungu bado uko kwenye nywele.

"Mama Hidaya," alimwambia mkewe akinawa mikono, "leo kwa Batuli hata sweta ungevaa."

Siwema alimpakulia wali mwingi na samaki kidogo, akaketi kumtazama anavyokula. Na Kilua, maskini, alidhani samaki wameadimika sokoni.

*

Kipindi cha joto kali kilipoingia, Mzee Mhina alifariki. Alikuwa fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili, kila aliyekanyaga pedeli mtaani pale alikuwa amepita mikononi mwake. Alimwacha mjane wake, Bi Mkunde, na chumba kimoja cha kupanga kilichotazamana na bustani ya Siwema. Chumba hakikutosha hata robo ya waliokuja kuzika. Turubai likafungwa barabarani, na kabla ya adhuhuri wazee wawili wakawa wamezirai.

Siwema ndiye aliyekwenda kwa wafiwa kuomba matanga yahamie bustanini. Tusimsingizie, alimlilia Mzee Mhina machozi ya kweli. Lakini tusimsafishe pia. Wazo la mizizi lilimjia maiti akiwa bado hajaoshwa, na alipolisukuma lilirudi.

Wanawake wakatandika mikeka upande mmoja, wanaume wakashika mabenchi upande wa pili. Anayejua matanga ya Ngamiani anajua kwamba huzuni haizuii mdomo. Walianza na marehemu, tabia zake, ukali wake kwa watoto wanaoendesha bila breki. Wakahamia kwa waliomtangulia. Kutoka hapo wakaingia nani kaoa wapi, nani kaachwa kwa kosa gani, nyumba ipi imeuzwa na ndugu gani hakupewa chake. Siku zote za matanga Siwema aliuacha ufagio nyumbani, kwa mara ya kwanza maishani. Alizunguka na birika la kahawa, akisikiliza ni mkeka upi umepoa. Alipoukuta, aliinama akajaza vikombe na kudondosha swali: hivi ile harusi ambayo marehemu alipotea njia akiiendea ilikuwa ya nani? Basi mkeka mzima ukalipuka, huyu anasema ya fulani, yule anabisha, na chini yao ardhi ikasikika ikinywa.

Siku ya khitma matawi yalikuwa yamekutana juu ya njia na majani yamefikia upana wa sahani. Ukungu wa kwanza ukashuka juu ya waombolezaji. Bibi mmoja akaomba khanga ya kujifunika, akisema anasikia baridi, neno ambalo halikuwa limesemwa mtaani kwa miaka. Siwema alijifunika uso kwa mtandio ili asionekane anavyotabasamu, na waliomwona wakampa pole.

Bi Mkunde aliingia eda katika chumba kile kile alichofia mumewe. Hakutoka tena nje. Wanawake waliopita walimwamkia dirishani, naye aliwajibu kutoka ndani kwa sauti iliyochoka, akiuliza habari za watoto wao mmoja mmoja.

*

Batuli alipotuma neno kwamba ana mazungumzo na wifi yake, Siwema alijiandaa. Alivaa gauni la sikukuu. Alikuwa na hakika kwamba Batuli amesikia jinsi miti ya Barabara ya Kumi na Mbili inavyopanda, na sasa anataka kujua dawa. Njia nzima alikuwa anatunga majibu ya kumnyima kwa adabu.

Hakuwa amefika Barabara ya Tano kwa muda mrefu, wivu ulikuwa umemkataza. Alikuta miti mikubwa kweli, lakini chini yake kumetapakaa majani ya manjano. Mwanzoni alifurahi kwamba Batuli hafagii. Kisha akaona kitu kingine. Mabenchi yalikuwa na watu, wamevaa vizuri, kila mmoja na kifaa chake sikioni, na hapakuwa na sauti. Nyumba za udongo na chokaa alizozizoea zilikuwa na vioo na mageti. Hakuna mkeka hata mmoja uliotandikwa.

Aliuliza aliko mama muuza kashata. Batuli akasema kahama. Aliuliza waliko wale mapacha mafundi cherehani. Wamehama. Na yule bibi aliyekuwa anasuka nywele pale kona, aliyekuwa na umbea wa kumwamsha maiti? Naye pia, yuko nje ya mji kwa mwanawe, huko kusikokuwa na hata kichaka.

Walikaa chini, Batuli akamweleza taratibu, bila kile kicheko chake. Kila mti ulijua ni ukuta upi unaoupoza, na kila ukuta uliopozwa Shirika liliutoza ada ya ubaridi. Mwenye nyumba hakuitoa mfukoni mwake, alimgeuzia mpangaji. Mpangaji akashindwa, akafunga virago. Akaja anayeweza kulipa, na yeye alikuwa amenunua baridi ya ndani. Akafunga geti.

"Walionenepesha hii miti wote wameondoka, wifi," Batuli alisema. "Ni mimi niliyewaambia karibuni kaeni. Kule kukaa kwao ndiko kulikowafukuza. Na sasa miti nayo inakufa kwa kiu, maana hawa hawasemi."

Siwema alisema ni jambo la kusikitisha. Alilisema kwa mdomo, lakini macho yake yalikuwa kwenye yale majani ya manjano, na alikuwa anahisi raha asiyoweza kuizuia.

Batuli alikuwa na mpango. Katikati ya kila bustani kulikuwa na kitovu, tundu lenye kifuniko cha chuma lililoshuka moja kwa moja mpaka kwa mama, na kifuniko kilifunguka kwa kiganja cha mlezi wa bustani tu, yaani wao wenyewe, kila mmoja kwake. Chumvi kilo chache ndani ya kitovu ingetosha. Bustani ingekauka, ada ingekoma, na waliobaki wangebaki. Lakini ilibidi wafanye wote wawili kwa siku moja. Bomba la mlimani lilikuwa moja. Kitovu kimoja kikizibwa, maji yote yangekimbilia cha pili.

"Nikitia chumvi peke yangu, maji yangu yanakuja kwako," Batuli alisema. "Kabla ya wiki kwisha kivuli kitakuwa juu ya paa la Bi Mkunde. Atatozwa, atatolewa. Na yuko eda, wifi. Unamtoaje mwanamke aliye eda?"

Siwema akasema hatolewi. Akakubali. Walishikana mikono kwamba Jumatano, adhana ya alasiri ikiisha, kila mmoja awe kwenye kitovu chake. Batuli alimkumbatia, na kwa dakika chache Siwema alimpenda, kama alivyompenda siku ya harusi yake, kabla ya miti.

Upendo ule haukufika Barabara ya Nane. Njiani akaanza kuhesabu mambo. Mbona mwaka mzima Batuli hakuona ubaya wa kivuli, ameuona leo, baada ya matanga ya Mzee Mhina? Mbona bustani yake inanyauka ndiyo anataka zife zote mbili? Angekuwa na ya kijani kama zamani angesema hivi? Alipofika nyumbani alikwisha kumpata Batuli na hatia, na alikuwa anajishangaa jinsi alivyokaribia kudanganywa.

*

Jumatano alinunua chumvi. Hilo lazima lisemwe, aliinunua na kuibeba mwenyewe mpaka bustanini. Adhana ya alasiri ilipokwisha aliweka kiganja juu ya kifuniko, kikafunguka, na pumzi ya mama ikampiga usoni, ya uvuguvugu, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Juu yake wanawake watatu walikuwa wanabishana kuhusu bei ya nazi, na majani yaliwatikisikia. Ilikuwa bustani nzuri. Ilikuwa imechelewa kuwa nzuri, lakini ilikuwa yake.

Alimwona Batuli moyoni, amesimama kwenye kitovu chake bila chumvi, anacheka. Kesho mji mzima ungekuwa unasimulia jinsi msomi wa Morogoro alivyoua bustani yake kwa mkono wake kwa kuambiwa na muuza maandazi. Akaamua kungoja kidogo. Kama Batuli ni mkweli, miti yake itaonyesha. Akainua macho juu ya mabati. Vichwa vya mikungu ya Barabara ya Tano vilikuwa pale pale, vimesimama wima. Alingoja mpaka jua likapungua makali, havikutikisika. Akafunga kifuniko, akarudi nyumbani na chumvi yake, na kwa kuwa alikuwa amemkamata wifi yake katika uongo, alilala usingizi mtamu.

Asubuhi alitoka na ufagio, akatazama juu kwa mazoea. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na mabati, nyaya, na anga jeupe la joto. Chumvi huchukua usiku mzima kupanda kutoka mzizini mpaka kileleni. Siwema alifundishwa hivyo darasani, na aliwahi kuwafundisha wengine. Jana alasiri alikuwa analijua hilo vizuri kabisa, ila hakutaka kulijua.

Chini ya nyayo zake ardhi ilikuwa inanguruma. Maji ya Batuli yalikuwa yanafika.

*

Waliokuwa wamezoea Barabara ya Tano sasa walikuja Barabara ya Kumi na Mbili, na wa mitaa mingine wakawafuata. Mikeka ikagusana. Mikungu ilipanda mchana watu wakiitazama, matawi yakavuka ua, yakavuka barabara, yakalalia paa la Bi Mkunde. Injinia Kiondo wa Shirika la Kivuli alikuja na kipimo chake mkononi, akakitikisa akidhani kimeharibika. Habari za Barabara ya Tano zilikuwa zimewashtua wakubwa wake, alisema, na wangemshughulikia aliyehusika. Lakini bustani hii ingekuwa mfano kwa pwani nzima. Jumamosi wangeleta wageni, na Siwema angetangazwa mlezi mkuu, bustani zote zijazo ziwe chini yake.

Hata Kilua alisema. Alikuwa amekaa chini ya mti, shati limepoa, akimtazama mkewe kwa macho ya siku za uchumba.

"Mama Hidaya, hii imezidi ya Batuli."

Siwema alijifanya hakusikia ili ayarudie. Kilua akayarudia. Kisha akaongeza kwamba dada yake hali chakula, hatoki ndani, na Shirika limemwita mara mbili, na yeye haelewi kilichompata. Siwema akampakulia samaki wakubwa.

Bado mambo yalikuwa mikononi mwake. Chumvi ilikuwa jikoni, kiganja kilikuwa chake. Angeitia wakati wowote, kivuli kingerudi nyuma kwenye paa lile na ada ingefutika kabla haijamgusa mtu. Alijua hivyo akiamka na akila.

Ijumaa jioni alipita dirishani kwa Bi Mkunde. Mjane alimshukuru kwa ubaridi, alisema tangu Mhina aondoke ndiyo kwanza amelala bila kujipepea. Kisha akasema mwenye nyumba alikuwa amekuja, akazungumza nyuma ya mlango kwa heshima zote, huku anakohoa. Kuna ada mpya. Na kuna mtu anakitaka chumba.

"Nimemwambia eda yangu haijaisha. Akasema ada haijui eda." Sauti ilisogea karibu na dirisha. "Mwanangu, wewe ndiye mlezi, watu wa Shirika wanakusikiliza. Waisogeze kidogo tu, nimalize siku za Mhina humu alimolala. Baada ya hapo hata barabarani nitakaa, sitamlaumu mtu."

Siwema alimwambia asiwe na wasiwasi, atalishughulikia. Alimaanisha. Aliporudi nyumbani aliitoa hata chumvi kabatini akaiweka mezani. Ila Jumamosi ilikuwa hapo tu, mlango wa pili. Maisha yake yote alikuwa amefanya vitu sawasawa na kutazama Batuli akisifiwa. Alitaka siku moja. Wageni waje, waone, waseme, waondoke, na Jumapili asubuhi aitie chumvi yote mpaka punje ya mwisho. Batuli alikuwa ameua bustani iliyokwisha kuchakaa. Yeye angeua bora kuliko zote, na watu wangejua nani amepoteza zaidi. Mwenye nyumba naye ni mtu wa Ngamiani, kazaliwa na kutahiriwa hapa hapa, asingeweza kumtoa mwanamke aliye eda. Hilo Siwema alijiambia mara nyingi, na kila mara lilionekana kweli zaidi.

*

Jumamosi hawakuhitaji turubai. Wageni walikaa chini ya mikungu wakivuta mitandio na makoti, wakiulizana kama kweli hii ni Tanga. Injinia Kiondo alieleza jinsi mtaa uliokuwa unakufa ulivyofufuka, akionyesha kwa mkono nyumba moja moja. Alimwita Siwema mbele, akamshika mkono, na watu wakapiga makofi. Siwema alitafuta uso mmoja katika umati ule, hakuuona. Raha ilikuwepo, lakini ilipungua chumvi bila yule mmoja kuishuhudia.

Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa pale mkokoteni ulipopita pembeni ya bustani na kusimama mlangoni kwa Bi Mkunde. Mwenye nyumba alikuwa na wageni wake mwenyewe siku ile. Mmoja wao alikuwa amekipenda chumba na hakutaka kungoja. Wabebaji wakatoa kitanda. Wakatoa kabati, pampu ya baiskeli, ndoo ya spana. Halafu Bi Mkunde akatoka, amejifunika gubigubi, ameshika ukuta, akitembea kama mtu ambaye miguu yake imesahau jua.

Bustani nzima ilinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Siwema kusikia ukungu ukidondoka kwenye majani.

Kisha mmoja akamnong'oneza mwenzake. Si yuko eda yule? Mwenzake akajibu. Mkeka wa pili ukauliza nani kamtoa, wa tatu ukamtaja, wa nne ukabisha, na mara mabenchi yote yakawaka. Aibu hii. Hapa petu? Mhina hata hajaoza. Hapakuwahi kuwa na la kuzungumzwa kama hilo mwaka ule. Na juu ya vichwa vyao majani mapya yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, tawi baada ya tawi, mpaka kivuli kikavuka na kugusa paa la nyumba iliyofuata. Injinia Kiondo aliangalia kipimo chake akatabasamu. Kama mzizi wake, hakuwa amefuatilia walichokuwa wakisema.

Batuli alitokea upande wa jua. Khanga kiunoni, mikono imepasuka kwa chumvi, hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mkunde, akauchukua mzigo wa nguo akautwika kichwani mwake.

"Twende kwangu, mama," alisema. "Utaimalizia kule. Kuna joto, lakini hakuna wa kututoa."

Wakaondoka, taratibu, kwa mwendo wa mjane. Mwanamke mmoja akakunja mkeka wake akawafuata. Mwingine akabeba ndoo ya spana. Kilua aliinuka kutoka benchi la mbele, akaushika mkokoteni kwa nyuma akausukuma, bila kumtazama mkewe. Mstari ukawa mrefu barabarani, juani, unaelekea Barabara ya Tano ambako hakukuwa na jani hata moja.

Siwema alibaki chini ya kivuli, mkono wake mkononi mwa injinia. Alijua alichokifanya, alijiambia kwa maneno yake kamili: nimemtoa mimi. Aibu ilikuwa njiani, aliisikia inakuja, na ingekaa naye miaka. Lakini kabla haijafika, alimwona Bi Mkunde akiegemea bega la Batuli, akaona jinsi wanawake walivyokuwa wakisongamana nyuma yao, kila mmoja akitaka kuwa karibu, na kile kitu cha siku zote kikampanda kifuani, kile kile, moto wake haujapungua hata kidogo. Hata hilo alikuwa amelipata Batuli. Na Siwema, mlezi mkuu wa bustani zote za pwani, akamwonea wivu wifi yake kwa lile joto.